Wewe ni Mmoja Katika 61,741,120

Katika masomo yaliyopita ulijifunza kusoma na kuandika namba hadi elfu. Sasa unaweza kusoma bei dukani. Unaweza kusoma mizani siku ya kupima mpunga. Unaweza kuandika deni lako katika daftari lako mwenyewe. Hiyo ni hatua kubwa.

Leo tutapiga hatua nyingine. Tutaisoma namba moja kubwa. Tutaipima. Kisha tutaivunja vipande tuone imejengwa kwa nini. Namba yenyewe ni hii:

61,741,120

Usiiogope. Kama ulihesabiwa mwaka 2022, wewe mwenyewe umo ndani yake.

1. NAMBA HII NI YA NINI?

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ulikuwa usiku wa sensa katika nchi yetu. Karani wa sensa alipofika nyumbani aliuliza: Ni nani waliolala hapa usiku ule? Aliandikwa baba, aliandikwa mama, aliandikwa bibi, aliandikwa mtoto mchanga. Hata mgeni aliyelala humo aliandikwa. Ilifanyika hivyo Bukene, na ilifanyika hivyo Nzega, Tabora, Dodoma na Pemba.

Tarehe 31 Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo mjini Dodoma. Watu wote waliohesabiwa Tanzania walikuwa 61,741,120. Kati yao, wanawake walikuwa 31,687,990 na wanaume walikuwa 30,053,130. Waliohesabiwa Tanzania Bara walikuwa 59,851,347. Waliohesabiwa Zanzibar walikuwa 1,889,773.

Namba hizo hutumika kupanga. Zahanati ijengwe wapi? Shule ihitaji madarasa mangapi? Kijiji kisichojua idadi ya watu wake ni kama mama anayesonga ugali bila kujua watakula wangapi.

2. NAMNA YA KUISOMA

Tazama alama za mkato. Alama hizo zinaigawa namba katika mafungu. Anza kulia kwenda kushoto. Kila fungu lina tarakimu tatu, isipokuwa la mwisho upande wa kushoto, ambalo linaweza kuwa na moja, mbili au tatu.

Fungu la kwanza kutoka kulia ni 120. Hili ni fungu la mamoja, makumi na mamia.
Fungu la pili ni 741. Hili ni fungu la maelfu.
Fungu la tatu ni 61. Hili ni fungu la mamilioni.

Sasa soma kutoka kushoto: milioni sitini na moja, laki saba, arobaini na moja elfu, mia moja na ishirini.

Umeona kwamba tumesema "arobaini na moja elfu"? Kuna sababu. Mtu akisema "elfu arobaini na moja", mmoja ataandika 41,000 na mwingine ataandika 40,001. Wote wawili wamesikia maneno yale yale. Tofauti yao ni shilingi 999. Kwa hiyo unapotaja fedha, sema "arobaini na moja elfu", kisha hakikisha kwa macho yako namba iliyoandikwa. Masikio yanaweza kukosea. Maandishi yanabaki.

Tazama tena namba yetu. Tarakimu 1 imeonekana mara tatu. Ya kwanza ina thamani ya milioni moja. Ya pili ina thamani ya elfu moja. Ya tatu ina thamani ya mia moja. Tarakimu ni ile ile, lakini imekaa katika viti vitatu mbalimbali. Kiti ndicho kinachoipa thamani. Ndiyo sababu sifuri ya mwisho haifutwi, ingawa yenyewe ni "hakuna kitu". Ukiifuta, watu 61,741,120 watakuwa 6,174,112. Sifuri inalinda viti vya wenzake.

3. MANENO YA NAMBA YALITOKA WAPI?

Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno yetu ya Kibantu. Sita, saba, tisa, mia na elfu yametoka katika Kiarabu. Laki limetoka Bara Hindi. Milioni limetoka Ulaya.

Maneno hayo yalisafiri pamoja na biashara. Katika karne ya 19 misafara ilipita kati ya pwani na Tabora, na mingine iliendelea kaskazini kuelekea Ziwa Victoria. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Walibeba pembe za ndovu, vitambaa na shanga. Mizigo ilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni karibu kilo 16. Mpagazi alihitaji kujua uzito wa mzigo wake, idadi ya siku zake na kiasi cha posho yake. Baadaye ikaja reli ya kutoka Tabora, ikafika Mwanza mwaka 1928, nayo inapita hapa Bukene. Kwa hiyo hesabu si jambo geni katika nchi hii. Babu zetu waliitembelea kwa miguu.

4. UKUBWA WAKE

Je, watu 61,741,120 ni wengi kiasi gani? Tuseme unawahesabu mmoja mmoja, kila nukta moja mtu mmoja. Hulali, huli, hupumziki. Siku moja ina nukta 86,400. Utahesabu kwa siku 714, na siku ya 715 utaendelea kwa zaidi ya saa 14. Hiyo ni karibu miaka miwili.

Lakini namba yenyewe imeandikwa kwa tarakimu nane tu. Hiyo ndiyo nguvu ya maandishi.

5. TABIA ZA NAMBA

Kila namba ina tabia zake. Kuna njia fupi za kuzijua bila kugawanya namba nzima.

Kugawanya kwa 2. Tazama tarakimu ya mwisho. Ikiwa 0, 2, 4, 6 au 8, namba inagawanyika kwa 2 bila baki. Namba hiyo huitwa shufwa. Isiyogawanyika huitwa witiri. Namba yetu inaishia na 0, basi ni shufwa.

Kugawanya kwa 5 na kwa 10. Namba inayoishia na 0 au 5 inagawanyika kwa 5. Inayoishia na 0 inagawanyika kwa 10 pia. Namba yetu inagawanyika kwa zote mbili.

Kugawanya kwa 4. Tazama tarakimu mbili za mwisho. Hapa ni 20. Ishirini inagawanyika kwa 4, basi namba nzima inagawanyika kwa 4. Sababu ni kwamba kila mia hugawanyika kwa 4, kwa hiyo mamia yote ya mbele hayana shida.

Kugawanya kwa 3 na kwa 9. Jumlisha tarakimu zote: 6 + 1 + 7 + 4 + 1 + 1 + 2 + 0 = 22. Jumla ikigawanyika kwa 3, namba nzima inagawanyika kwa 3. Jumla ikigawanyika kwa 9, namba nzima inagawanyika kwa 9. Ishirini na mbili haigawanyiki kwa 3 wala kwa 9. Basi namba yetu nayo haigawanyiki.

Kwa nini iwe hivyo? Chukua magunzi 10. Yatie kikapuni mafungu ya tisa tisa. Fungu moja linaingia, linabaki gunzi 1. Chukua magunzi 100. Tisini na tisa yanaingia, linabaki 1. Chukua magunzi 1,000. Mia tisa tisini na tisa yanaingia, linabaki 1. Kila kumi, kila mia, kila elfu huacha gunzi moja. Kwa hiyo mia tatu huacha magunzi matatu, na elfu saba huacha magunzi saba. Kujumlisha tarakimu ni kukusanya magunzi yaliyobaki.

6. KUIKAGUA JUMLA

Tabia hiyo ya tisa ina faida kubwa. Inakusaidia kukagua hesabu ya kujumlisha. Tujaribu kwa wanaume na wanawake.

Wanaume, 30,053,130: tarakimu zake zikijumlishwa ni 15. Jumlisha tena: 1 + 5 = 6.
Wanawake, 31,687,990: tarakimu zake zikijumlishwa ni 43. Jumlisha tena: 4 + 3 = 7.
Sasa 6 + 7 = 13, na 1 + 3 = 4.
Watu wote, 61,741,120: jumla ilikuwa 22, na 2 + 2 = 4.

Nne na nne. Zimekubaliana. Kama zingekataana, tungejua hakika kwamba kuna kosa. Lakini kuwa mwangalifu: zikikubaliana, bado si uthibitisho kamili. Mtu akiandika 59 mahali pa 95, jumla ya tarakimu haibadiliki. Njia hii hukamata makosa mengi, lakini haikamati yote.

7. KUIVUNJA NAMBA

Namba inayoigawanya nyingine bila baki huitwa kigawo chake. Namba kubwa kuliko 1 ambayo haina vigawo vingine ila 1 na yenyewe huitwa namba tasa. Mifano ni 2, 3, 5, 7 na 11. Namba tasa ni kama matofali. Kila namba nzima kubwa kuliko 1 ama ni tofali lenyewe, ama imejengwa kwa matofali hayo. Tuvunje namba yetu.

Igawe kwa 2: 30,870,560
Tena kwa 2: 15,435,280
Tena kwa 2: 7,717,640
Tena kwa 2: 3,858,820
Tena kwa 2: 1,929,410
Tena kwa 2: 964,705

Sasa inaishia na 5. Mbili imekoma. Gawa kwa 5: 192,941. Gawa kwa 7: 27,563. Namba 11, 13 na nyingine zinazofuata zinakataa, mpaka ufike 43. Gawa kwa 43: 641.

Je, 641 inavunjika? Jaribu 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19 na 23. Zote zinaacha baki. Namba tasa inayofuata ni 29, na 29 mara 29 ni 841, imepita 641. Hapo tunasimama. Kama 641 ingekuwa na vigawo viwili, kimoja kingekuwa kidogo kuliko 29, nasi tungekwisha kukiona. Kwa hiyo 641 ni namba tasa.

Matofali ya namba yetu ni haya:

2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641 = 61,741,120

Hakuna matofali mengine yatakayoijenga namba hii. Unaweza kuyapanga upya, lakini huwezi kuyabadilisha. Kwa kuwa 7 imo, watu wote wangeweza kugawanywa katika mafungu saba yaliyo sawa, fungu moja kwa kila siku ya juma. Kila fungu lingekuwa na watu 8,820,160, asibaki hata mmoja.

8. KAMA WEWE USINGEHESABIWA

Tuseme karani alipita nyumbani kwako, wewe ukajificha au ukasahauliwa. Namba ingekuwa 61,741,119. Imepungua moja tu. Nani ataona?

Tazama vizuri. Sasa inaishia na 9. Si shufwa tena, imekuwa witiri. Haigawanyiki kwa 5 wala kwa 10. Ukiigawa kwa 7 inaacha baki ya 6. Jumlisha tarakimu zake: 6 + 1 + 7 + 4 + 1 + 1 + 1 + 9 = 30. Sasa inagawanyika kwa 3, jambo ambalo mwanzo ilikataa. Matofali yote sita ya 2 yameondoka. Tano imeondoka. Saba imeondoka.

Mtu mmoja amekosekana, na tabia ya namba nzima imegeuka. Usiseme, "Mimi ni mmoja tu."

9. SANDUKU LA KIKUNDI

Sasa nikueleze jambo nililoliona. Jina la kikundi sitalitaja.

Kilikuwa kikundi cha kuweka na kukopa. Siku ya kufungua sanduku, daftari lilionyesha shilingi 742,000. Fedha zilizohesabiwa mezani zilikuwa 706,000. Zilipungua 36,000. Mweka hazina alikuwa mama mmoja mjane. Watu walinyamaza, kisha wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema wazi kwamba mama arudishe fedha au aitiwe mgambo. Mama akakaa chini, akafunika uso kwa khanga.

Mwanakisomo mmoja, mzee, akasema: "Ngojeni. Thelathini na sita elfu inagawanyika kwa tisa." Watu wakamshangaa. Akaeleza hivi.

Ukibadilishana tarakimu mbili zinazofuatana, tofauti yake hugawanyika kwa 9 siku zote. Kwa mfano, 52 ukiandika 25, tofauti ni 27. Na 81 ukiandika 18, tofauti ni 63. Vivyo hivyo ukiongeza sifuri isiyotakiwa. Ukiandika 40,000 mahali pa 4,000, tofauti ni 36,000.

Mzee akagawa: 36,000 kwa 9,000 ni 4. Kwa hiyo kama tarakimu za makumi elfu na maelfu zimegeuzwa, zinatofautiana kwa 4. Na kwa kuwa daftari limezidi sanduku, ile kubwa imetangulia. Basi tafuteni katika daftari 40, au 51, au 62, au 73, au 84, au 95.

Wakafungua daftari, mstari kwa mstari. Katika ukurasa wa marejesho wakakuta 95,000. Mwanachama aliyerejesha fedha hizo akaitwa, naye akatoa kijitabu chake. Kijitabu kiliandikwa 59,000, na sahihi zilikuwapo. Akakiri kwamba alilipa hizo hizo 59,000. Katibu ndiye aliyegeuza tarakimu alipohamisha hesabu. Fedha hazikupotea hata shilingi moja. Yule aliyetaka mgambo akamwomba mama radhi mbele ya watu wote.

Ndugu msomaji, zingatia mambo mawili. Kwanza, tofauti inayogawanyika kwa 9 si ushahidi kwamba hakuna mwizi. Mwizi naye anaweza kuchukua 36,000. Tisa inakuonyesha mahali pa kutafuta. Ushahidi ulikuwa kijitabu na sahihi zake. Pili, mzee yule hakuwa na mashine ya hesabu. Alikuwa na somo alilojifunza jioni chini ya mwembe, na alilitumia siku ile lilipohitajika.

10. MAZOEZI

1. Katika sensa ya 2022 Mkoa wa Tabora ulikuwa na watu 3,391,679. Andika namba hiyo kwa maneno. Je, ni shufwa au witiri?

2. Katika sensa ya 2012 mkoa huo ulikuwa na watu 2,291,623. Waliongezeka wangapi? Kagua jibu lako kwa kujumlisha tarakimu.

3. Bila kugawanya namba nzima, sema kama 3,391,679 inagawanyika kwa 3.

4. Vunja 120 mpaka ubaki na namba tasa tu.

5. Daftari la kikundi limezidi sanduku kwa 27,000. Ikiwa tarakimu za makumi elfu na maelfu zimegeuzwa, utatafuta namba zipi?

MAJIBU

1. Milioni tatu, laki tatu, tisini na moja elfu, mia sita sabini na tisa. Ni witiri.
2. Waliongezeka 1,100,056. Ukaguzi: 2,291,623 inatoa 7, na 1,100,056 inatoa 4. Saba na nne ni 11, yaani 2. Namba 3,391,679 nayo inatoa 2.
3. Haigawanyiki. Jumla ya tarakimu ni 38.
4. 2 × 2 × 2 × 3 × 5.
5. Tofauti ya tarakimu ni 3. Tafuta 30, 41, 52, 63, 74, 85 na 96.

11. MASWALI YA KUJADILI DARASANI

(a) Kwa nini watu wengine hukwepa kuhesabiwa? Kijiji kinapata hasara gani?
(b) Je, kila mwanachama wa kikundi chenu ana kijitabu chake? Anaweza kukisoma mwenyewe?
(c) Nani hukagua daftari la kikundi kabla fedha hazijagawanywa?

Ukifika nyumbani leo, chukua risiti moja au ukurasa mmoja wa daftari lako. Soma namba zake kwa sauti. Jumlisha tarakimu zake. Mfundishe na mwenzako aliye nyumbani. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari bila msomaji ni karatasi tu.